Muulize Bi Mwalimu: Bamvua la Saa Nne

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Sahare hapa Tanga. Mkubwa ni wa kike, ana miaka minne na nusu. Mdogo wa kiume ana miwili. Mkubwa nilimpeleka chekechea, akawa anarudi na daftari limejaa "a" kurasa tatu, na kila asubuhi ni kilio na kung'ang'ania mlango. Nimemtoa. Baba yao ni dereva wa lori, nyumbani tunampata siku mbili kwa wiki. Kwenye simu naona wazazi wa Marekani na Ulaya wanawafundisha watoto wao wenyewe: leo wako msituni, kesho makumbusho, keshokutwa wanapaka rangi ukuta mzima. Natamani, ila mimi nimeishia kidato cha nne, sayansi ilinishinda, na hela ya matembezi ya kila wiki sina. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, tunakaa naye, anasema namlea mtoto uvivu. Nianzie wapi? Na si kosa kumweka nyumbani?
Mama wa wawili, Sahare

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi. Miaka minne na nusu bado. Zamu yake ya kuandikishwa ikifika mpeleke, kwa sababu sheria yetu inataka mtoto wa umri wa shule ya msingi awe shuleni, na mimi niliyefundisha darasa la kwanza miaka 31 sitakwambia umfiche uvunguni. Mpaka hapo una muda, na baada ya hapo una Jumamosi.

Sasa hao wa kwenye simu. Baadhi yao wanafuata njia ya mwalimu mmoja wa Uingereza, Charlotte Mason, aliyefariki 1923. Alitaka mtoto aliye chini ya miaka sita akae nje saa nyingi, masomo ya mezani yasubiri, na akikua kidogo awe na daftari la kuchora kile alichokiona kwa macho yake. Hakusema lazima uende mbali. Picha za simuni zinakuonyesha mahali ishirini, wewe ukadhani siri ni huko kuzunguka. Mimi nakwambia chagua mahali pamoja, urudi mpaka watoto wapazoee. Na wewe unakaa Sahare! Watu wanapanda ndege kuja kutazama unachokikanyaga ukienda kununua dagaa.

Kwa hiyo nenda pwani, lakini nenda na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Siku hizo hapa kwetu maji hupwa mpaka mwisho kwenye saa nne asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi alasiri. Na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Saa nne watoto wameshakunywa chai, jua halijawa kali. Mara mbili kwa mwezi, bila nauli. Usiende kichwakichwa kama mimi: mwaka juzi nilimchukua mjukuu wangu katikati ya wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapwi sana, na ndoo, na chujio la chai la mama yake. Tukakuta bahari imejaa tele mpaka kwenye mawe, haina habari na sisi. Alilia mpaka Chumbageni.

Mkifika, usifundishe kitu. Chomeka kijiti pale maji yalipoishia, mkae mle muhogo wenu wa kuchoma, kisha mrudi kukitazama. Kijiti kimezama, au kimeachwa pakavu? Mwulize maji yamekwenda wapi. Atakujibu upuuzi mtamu kabisa (wangu alisema samaki wameyanywa). Usimsahihishe siku hiyo. Bamvua la pili mwonyeshe mwezi usiku wa kuamkia safari. La tatu ataanza kuuangalia mwenyewe, na wewe utajua kazi imeanza.

Wavae yeboyebo wote wawili, maana mawe yana miiba. Mwonyeshe jongoo bahari, kiti cha pweza, na yule kaa mdogo mwenye gando moja kubwa kama amekopa la mwenzake. Mwenye gando kubwa ni dume. Jike magando yake yote mawili ni madogo. Mwache awahesabu: madume wangapi, majike wangapi. Hiyo ni hesabu, hata kama hamna ubao.

Mkitembea mkafika penye mikoko, mtafute mchu. Ndio ule wenye vijiti vingi vimesimama kwenye tope kuuzunguka. Ile ni mizizi inayotoka juu kutafuta hewa, kwa sababu ndani ya tope hewa hakuna. Chuma jani, mwambie alirambe. Lina chumvi. Mchu unakunywa maji ya bahari, kisha unaitoa chumvi kupitia majani. Nimewaonjesha watoto wengi jani hilo na sijamwona aliyelisahau. Na mkoko wenyewe, aina nyingine jirani ya mchu, una ajabu yake: mbegu inaota ingali juu ya mti, inaning'inia kama bilinganya jembamba, halafu inadondoka kwenye tope ikiwa mche tayari. Okota moja iliyoanguka, isimamishe kwenye chupa ya maji dirishani, na kila Ijumaa apime kwa kidole chake imepanda kiasi gani.

Mnaporudi, daftari. La kurasa 40 lisilo na mistari, penseli, na kipande cha mkaa. Achore kitu kimoja tu cha siku hiyo. Akichora kaa mwenye miguu kumi na sita usifute. Safari ijayo mwambie amhesabu kaa mwenyewe. Wewe andika chini maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Herufi ataziona zikitoka mkononi mwako zikibeba maneno yake, na hapo "a" haitamliza tena.

Sayansi iliyokushinda kidato cha nne tuiache huko huko, twende jikoni kwako. Koroga manjano ya kupikia na maji kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe, anika ikauke. Mpe mtoto kijiti alichokichovya kwenye maji ya sabuni ya mche, achore anachotaka. Mchoro unatoka mwekundu! Kamulia limau juu yake, unarudi njano. Sabuni na limau ni mahasimu, na manjano ndiyo yanayokutajia nani yupo. Ndiyo sababu doa la mchuzi kwenye kanzu ya baba yao hugeuka jekundu ukilisugua, ukadhani umeharibu nguo. Sayansi na sanaa kwa sahani moja, na gharama yake ni limau.

Mavyaa wako. Hapa nakuomba busara. Usibishane naye, mpe kazi. Sijui mama wa pwani wa umri wake asiyejua kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Mwambie, "Mama, mfundishe mjukuu wako, mimi mikono yangu mizito." Mpatie miyaa, majani makavu ya kusukia, itie rangi mbili tu, zambarau na nyekundu. Juu, chini, juu, chini. Mtoto akikosea, ua linavunjika palepale, bila haja ya mwalimu kumwambia kakosea. Ukili wake wa kwanza utakuwa umepinda kama barabara ya Lushoto. Utundike ukutani. Nakuhakikishia atakayewaonyesha wageni ukili huo ni mavyaa wako.

Baba akiwa nyumbani ndipo safari ya kujinyima: Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji. Kabla ya kwenda msisome kitu. Mkiwa ndani, mwambie aguse ukuta, asikilize tone likidondoka. Yale mawe ni ya chokaa. Maji yanayeyusha chokaa huko juu, na kila tone linaacha chembe ndogo nyuma, ndiyo zile nguzo zinazoning'inia. Popo watamtisha au watamchekesha, hilo huwezi kulipanga. Na usiku mmoja baba yake mwenyewe amsimulie silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita, kisha 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na miaka ya 2000 wavuvi wetu wa Tanga nao wakaanza kumtoa kwenye jarife, wavu wa samaki wakubwa. Leo tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mapezi yake yameshikiliwa na vishina vya nyama, kama vikono. Mwambie binti amchore kabla hujamwonyesha picha, halafu baada ya kuiona. Uweke michoro yote miwili.

SWALI: Bi Mwalimu, mwanangu ana miaka sita, yuko shule, lakini nyumbani ananiuliza maswali mpaka nachoka. Juzi: kwa nini bahari ina chumvi na mvua haina? Nilimwambia ni kazi ya Mungu, akanitazama tu.
Baba, Makorora

JIBU: Hukusema uongo, ila yeye alitaka kujua Mungu kaifanyaje. Mimina maji ya bahari kwenye sinia, liweke juu ya bati siku mbili. Maji yatapanda angani, chumvi itabaki kwenye sinia mwairambe. Hayo yaliyopanda ndiyo yanayorudi kuwa mvua. Na mito, Zigi na Pangani na mingineyo, imekuwa ikiosha chumvi kidogo kidogo kutoka kwenye mawe na udongo tangu zamani sana, inaishusha baharini, na jua halichukui ila maji. Swali lijalo usilolijua, sema "sijui," halafu mlipeleke pamoja kwa anayejua. Fundi wa majahazi anajua kwa nini mbao inaelea kuliko vitabu vyangu.

SWALI: Watoto walileta kaa wanne kwenye ndoo. Asubuhi wote wamekufa, nyumba nzima kilio. Nimewakataza kwenda tena pwani, nimekosea?
Mama, Mwakidila

JIBU: Kidogo. Maji ya ndoo yanapata joto na hewa yake inaisha upesi. Wazikeni hao kaa chini ya mpapai, mtoto achore, maana na huzuni nayo inachoreka. Safari ijayo ndoo ikae kivulini, kaa mmoja tu, na kabla ya kuondoka arudishwe chini ya jiwe lilelile alilotolewa. Jiwe nalo lirudishwe lilivyokuwa.