Maswali ya Wasomaji: Mwenye Matumaini, Mwenye Mashaka, na Nani Alikuwa Bora Klabuni

Barua nyingi za toleo hili zinahusu ubishi wa mashabiki wa timu moja, si wa timu pinzani. Wanabishana kuhusu msimu utakavyoisha na kuhusu nani aliivaa jezi yao vizuri kuliko wote. Tumezichagua tano.

SWALI: Katika kundi letu kuna wawili hawaelewani. Mmoja kila wiki anasema tutashinda, mwingine kila wiki anasema leo tunapigwa. Tukishinda, wa kwanza anatamba, tukipoteza, wa pili anasema "si niliwaambia?" Nani kati yao anaujua mpira?

JIBU: Hamuwezi kujua mpaka muwawekee mizani, na mizani ipo. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, alitoa njia ya kupima utabiri unaotolewa kwa asilimia. Kwenye mpira inafanya kazi vizuri.

Kabla ya mechi, kila mmoja aandike uwezekano wa timu yenu kushinda, kwa mfano asilimia 70, yaani 0.7. Mechi ikiisha, ushindi ni 1. Sare au kufungwa ni 0. Tafuta tofauti kati ya tokeo na utabiri, kisha izidishe kwa yenyewe. Aliyeandika 0.7 timu ikashinda anapata 0.3 mara 0.3, yaani 0.09. Timu isiposhinda anapata 0.7 mara 0.7, yaani 0.49. Baada ya mechi 20 jumlisheni, mgawanye kwa 20. Mwenye namba ndogo ndiye mtabiri bora.

Sasa wawekeni hao wawili kwenye mizani. Tuseme timu imeshinda mechi 10 kati ya 20. Mwenye matumaini aliandika 90 kila wiki: mechi 10 zinampa 0.01 kila moja na 10 nyingine 0.81 kila moja. Jumla ni 8.2, wastani 0.41. Mwenye mashaka aliandika 10 kila wiki. Pigeni hesabu yake: naye ni 0.41, hakuna tofauti hata ya nukta. Na mtu ambaye angeandika 50 kila wiki bila hata kuangalia ratiba angepata 0.25. Wote wawili wamezidiwa na sarafu iliyorushwa hewani.

Mtafuteni wa tatu, yule asiyepiga kelele. Kama timu hiyo ilishinda mechi 7 kati ya 10 za nyumbani na 3 kati ya 10 za ugenini, na yeye aliandika 65 nyumbani na 35 ugenini, wastani wake ni 0.21. Huyo ndiye anayeijua timu, na kilichomsaidia ni kutofautisha mechi na mechi.

Kipimo hiki huharibika kwa njia zilezile kila mara. Watu huhesabu baada ya mechi tano na kutangaza mshindi, wakati mechi tano zinaweza kumpendelea yeyote. Wengine hutabiri kwa mdomo. Baada ya filimbi ya mwisho kila mtu anakumbuka alisema kile kilichotokea, kwa hiyo yaandikwe. Na wote waandike wakati mmoja, ama kabla ya vikosi kutangazwa ama baada, maana kujua kwamba beki wa kati hayupo ni kujua mengi. Halafu kuna suala la sare. Katika ligi kubwa za Ulaya karibu robo ya mechi huisha kwa sare, kwa hiyo "hatushindi" na "tunafungwa" ni kauli mbili tofauti. Mwenye mashaka mara nyingi hutamka ya pili halafu akadai sifa ya ya kwanza. Msimkubalie.

SWALI: Tumecheza mechi kumi, tuna pointi 12, ligi ina timu 20. Nusu yetu wanasema tunashuka daraja, nusu wanasema Leicester walifanya miujiza na sisi tutafanya. Hesabu inasemaje?

JIBU: Pointi 12 kwa mechi 10 ni wastani wa 1.2. Zidisha kwa mechi 38 unapata karibu 46, na hiyo kwa kawaida inatosha kubaki. Uingereza watu huzungumzia pointi 40 kama mstari wa usalama, lakini si ukuta: West Ham walishuka msimu wa 2002/03 wakiwa na 42, na West Brom walinusurika 2004/05 wakiwa na 34, tena baada ya kuburuza mkia wakati wa Krismasi. Kuifikia 40, nyinyi mnahitaji pointi 28 kwa mechi 28. Moja kwa mechi. Timu inayopata 1.2 haina sababu ya kulia.

Kabla ya kushusha pumzi, chukueni karatasi mwangalie hizo pointi zilitoka wapi. Mechi ngapi zilikuwa nyumbani? Kama ni sita, mmekwisha kula sehemu ya chakula kizuri. Mmekutana na wangapi kati ya timu sita za juu? Tofauti ya mabao ikoje? Timu yenye pointi 12 na tofauti ya hasi 2 iko salama kuliko yenye pointi hizohizo na hasi 11, kwa sababu ya pili inashinda kwa bao moja la mwishoni na kufungwa kwa mvua, na mabao ya mwishoni hayaji kila wiki. Angalieni pia penalti. Penalti ni nafasi inayoingia zaidi kidogo ya mara tatu kati ya nne. Mshambuliaji mwenye mabao sita, manne yakiwa ya penalti, si mfungaji mnayeweza kumtegemea waamuzi wakiacha kupuliza.

Leicester, basi. Msimu wa 2014/15 walikuwa mkiani mwanzoni mwa Aprili, wakashinda 7 kati ya 9 za mwisho na kumaliza na pointi 41. Msimu uliofuata walitwaa ubingwa wa Uingereza kwa pointi 81, kumi mbele ya Arsenal, wakati wachezesha kamari walikuwa wamewapa nafasi moja kwa 5,000. Wenye mashaka nao wana Newcastle ya 1995/96, iliyoongoza kwa pointi 12 mwezi Januari na kumaliza nne nyuma ya Manchester United. Visa vyote viwili ni vya kweli na vyote vinakumbukwa kwa sababu ni adimu. Leicester inathibitisha kwamba jambo linawezekana. Haithibitishi kwamba lina uwezekano mkubwa, na hapo ndipo wenye matumaini wengi huteleza.

SWALI: Tunataka kupiga kura ya kikosi bora cha klabu cha nyakati zote. Vijana wanataja wachezaji wa juzi, wazee wanataja watu ambao hata video zao hazipo. Tuanzie wapi ili tusigombane?

JIBU: Anzeni na masharti, majina baadaye. Kura nyingi za namna hii huvurugika kwa sababu kila mtu anakuja na jina mfukoni na kutafuta kipimo kitakachompitisha.

Jueni kwanza kwamba umri unapiga kura pamoja nanyi. Mwaka 2012 watafiti Janssen, Rubin na Conway walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kuwataja wachezaji watano bora wa wakati wote. Wengi waliwataja wale waliokuwa katikati ya uchezaji wao wakati mtaja ana umri wa miaka 17 hivi. Kijana na mzee wote wanafanya jambo moja: wanachagua walichokiona moyo ukiwa bado laini. Kwa hiyo gawanyeni wapiga kura katika makundi matatu, walio chini ya miaka 30, wa 30 hadi 50, na waliozidi 50. Kila kundi lipate uzito sawa hata kama vijana ni wengi mara tatu.

Pili, wekeni kizingiti cha mechi, na kiwekeni mkijua kinamkata nani. Duncan Edwards alicheza mechi 177 tu Manchester United kabla ya kufariki mwaka 1958, akiwa na miaka 21, kutokana na majeraha ya ajali ya ndege ya Munich. Kizingiti cha 150 kinampitisha, cha 200 kinamtoa. Sisi tungeweka 150, kwani kizingiti kinachomwondoa mchezaji kama yule hakipimi ubora, kinapima umri wa kuishi.

Kwa washambuliaji, idadi ya mabao peke yake inadanganya. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: badala ya wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, wakatosha wawili. Daraja la kwanza la Uingereza lilitoa mabao 1,192 msimu wa 1924/25 na 1,703 msimu uliofuata, mechi zikiwa 462 kila msimu. Yaani kutoka 2.6 hadi 3.7 kwa mechi ndani ya mwaka mmoja, mabeki wakiwa bado wanatafuta pa kusimama. Ndani ya kipindi hicho Dixie Dean wa Everton alifunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28. Ni kazi kubwa mno, na bado huwezi kuiweka kando ya msimu wa leo bila kuirekebisha. Marekebisho ni rahisi: gawanya wastani wa mabao ya mchezaji kwa wastani wa mabao ya ligi ya msimu wake. Mwenye 0.6 kwa mechi katika ligi ya mabao 3.6 amefunga sawa na moja ya sita. Mwenye 0.5 katika ligi ya mabao 2.5 amefikia moja ya tano, na huyo ndiye aliye juu.

Angalieni nafasi pia. Wayne Rooney alifunga 253 katika mechi 559 za Manchester United. Bobby Charlton 249 katika 758. Kwa wastani Rooney yuko mbali mbele, lakini Charlton alitumia miaka mingi pembeni kushoto na katikati ya uwanja. Mlinganisheni na viungo wenzake, muone anavyopaa. Na kwa wachezaji wa sasa hesabuni dakika, kisha mgawanye kwa 90. Kabla ya 1965 ligi ya Uingereza haikuruhusu kabisa mchezaji wa akiba kuingia, kwa hiyo mechi moja ya zamani ni mechi nzima. Ya leo inaweza kuwa dakika nane.

Mabeki na makipa ndio wanaoonewa zaidi. Tangu Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, ianze mwaka 1956, kipa aliyewahi kuitwaa katika ile ya wanaume ni mmoja, Lev Yashin, mwaka 1963. Mkiwa na shaka juu ya thamani ya ulinzi, ikumbukeni Milan ya 1993/94: ilichukua ubingwa wa Italia kwa mabao 36 tu katika mechi 34, kwa sababu ilifungwa 15. Beki mpimeni hivi: ndani ya msimu mmoja, timu ilifungwa mangapi kwa mechi akiwepo na mangapi asipokuwepo? Fanyeni kwa misimu mitatu au minne, maana mechi alizokosa katika msimu mmoja huwa chache.

Kura yenyewe ipigwe kwa kila nafasi, kila mtu akipanga majina matatu kwa pointi 3, 2 na 1. Mkiruhusu jina moja tu, mabeki wawili wakubwa waliocheza pamoja watagawana kura za watu walewale, na wa tatu aliyecheza peke yake atawapita wote.

SWALI: Je, shabiki mwenye mashaka anaidhuru timu?

JIBU: Akiwa nyumbani, hapana. Uwanjani kelele zina kazi. Ligi zilipochezwa bila watazamaji mwaka 2020, faida ya kucheza nyumbani ilipungua katika ligi nyingi, na timu za ugenini zikapata kadi chache kuliko ilivyozoeleka. Umati unamgusa mwamuzi. Kwa hiyo mashaka yanayowanyamazisha watu elfu kadhaa dakika ya 20 yana gharama.

Kuna mashaka yenye faida. Wanasaikolojia Julie Norem na Nancy Cantor waliyaeleza mwaka 1986: mtu anashusha matarajio, anawaza yote yanayoweza kuharibika, kisha anaitumia hofu hiyo kujiandaa. Kipa aliyewaza krosi za mpinzani tangu jana anaweza leo kusogea hatua moja mbele na kuudaka mpira. Shabiki hana pa kuipeleka hofu hiyo. Kinachobaki ni kujikinga na maumivu, na hilo tunalielewa, kufungwa kunauma. Lakini anayejikinga wiki nzima hupoteza pia utamu wa kuisubiri mechi, na utamu huo kwa shabiki ni mwingi kuliko dakika 90 zenyewe.

Mkitaka kujua kama mwenzenu ana mashaka au anajikinga, sikilizeni viambishi vyake. Robert Cialdini na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba wanafunzi wa vyuo vya Marekani walisema "sisi" zaidi timu yao iliposhinda kuliko ilipofungwa. Anayesema "tumeshinda" leo na "wamefungwa" wiki ijayo anajikinga. Anayesema "tutafungwa" kabla na "tumefungwa" baada, huyo yuko ndani kabisa, na mashaka yake ni ya mtu anayeipenda timu.

SWALI: Mchezaji aliyehamia kwa mahasimu wetu anaweza kuwekwa kwenye kikosi bora?

JIBU: Ndiyo, kama mnapiga kura ya ubora. Luís Figo alikwenda Real Madrid mwaka 2000, lakini misimu yake mitano Barcelona haikufutika siku aliyosaini. Kama mnapiga kura ya mapenzi, wekeni orodha ya pili na muipe jina lake.