Diego Forlán hakubahatisha

Ndugu, si sahihi kusema kwamba Diego Forlán wa Uruguay alikuwa mshambuliaji wa kawaida aliyebahatika katika Kombe la Dunia moja tu. Ni kweli kwamba Manchester United, alikojiunga Januari 2002 akitokea Independiente ya Argentina, alipata shida kufunga, ingawa mashabiki bado wanayakumbuka mabao yake mawili dhidi ya Liverpool kule Anfield. Alipohamia Hispania mwaka 2004 mambo yalibadilika kabisa: aliibuka mfungaji bora wa La Liga akiwa Villarreal kwa mabao 25, akarudia akiwa Atlético Madrid kwa mabao 32 msimu wa 2008/09, na Mei 2010 akafunga mabao yote mawili yaliyoizamisha Fulham katika fainali ya Ligi ya Europa. Kwa hiyo, alipofunga mabao matano katika Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, likiwemo la mpira wa adhabu lililosawazisha dhidi ya Ghana na kutuumiza Waafrika wengi, kisha akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, alikuwa mfungaji aliyekwisha kuthibitishwa. Mwaka uliofuata alifunga mengine mawili katika fainali ya Copa América, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, dhidi ya Paraguay.