Kabla ya kumwaga zege la jamvi, mimi naanza na mabomba

Mkuu, umesema zege la jamvi, yaani sakafu ya chini ya nyumba, linamwagwa keshokutwa, fundi anakuhakikishia kila kitu kiko sawa, na wewe hujui hata uanzie wapi kukagua. Nimesimamia nyumba yangu na za ndugu zangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Watu watakuambia sana habari za unene wa zege na uwiano wa saruji. Sawa, ila hayo utayapima siku yenyewe, mchanganyiko ukiwa mbele ya macho yako. Mimi nahangaika zaidi na vitu ambavyo zege likishagandama juu yake huvioni tena mpaka ushike nyundo: mabomba, kifusi na nondo.

Kwenye mabomba, anza na la choo. Fundi bomba mara nyingi anapima kutoka kwenye tofali tupu, wakati ukuta huo utapigwa plasta na kubandikwa vigae, na hapo zinaondoka sentimita 3 hivi. Kwenye nyumba ya mdogo wangu bomba lilikuwa limesimama vizuri tu ukiliangalia kwa macho. Tulipoleta vipimo vya sinki la choo alilokwisha kununua, tukaona mgongo wa sinki ungeingia kwenye kigae. Fundi akanuna kidogo, akachukua sepetu, akalisogeza, yakaisha palepale. Kama bado hujanunua sinki, omba dukani karatasi ya vipimo vyake uende nayo saiti. Angalia pia kila bomba linalochomoza liko upande gani wa ukuta, maana kwenye ramani ukuta ni mstari tu, na nimeshaona bomba la beseni la kunawia limetokea mlangoni.

Halafu mteremko. Bomba la maji machafu la mm 110 kwa kawaida linalazwa kwa 1 kwa 40, yaani kila mita 1 linashuka milimita 25. Weka pima maji (kile kifaa cha kupimia usawa) juu yake, jicho linadanganya. Kama limeshafukiwa, usiseme basi, angalau jua kama linavuja. Mwambie fundi azibe mdomo wa chini kwa plagi, ajaze maji mpaka karibu na juu, mtie alama pale maji yalipofikia, kisha mwendelee na ukaguzi mwingine. Mkirudi mkakuta maji yameshuka, kuna mahali panavuja, huenda ni kiungo ambacho hakikupakwa gundi vizuri. Mabomba ya maji safi yanayopita chini ya jamvi yapimwe kwa presha, na geji iachwe hapohapo mpaka zege liishe kumwagwa. Mtu akilitoboa bomba kwa sepetu katikati ya kazi, mshale utakuonyesha mara moja, na zege bado ni bichi.

Kifusi ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Jamvi limekaa juu yake, kikizama nalo linapasuka. Kinatakiwa kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kiloweshwe kiasi bila kuwa tope, kishindiliwe, ndipo tabaka jingine lije. Kikijazwa chote kwa mkupuo kisha mashine ikapitishwa juu, ni sehemu ya juu tu iliyokaza. Njia yangu ya kienyeji: nachukua kipande cha nondo ya mm 12, nakisukuma kwa mikono kwenye pembe za vyumba na kandokando ya kuta za msingi, kwa sababu mashine haifiki vizuri huko. Kikizama kirahisi, pashindiliwe upya. Hicho si kipimo cha kihandisi, lakini kinakupa pa kuanzia mazungumzo. Fanya hivyo kabla nailoni ya kuzuia unyevu haijatandikwa juu ya kifusi, usije ukaitoboa. Na ukiona mizizi, vipande vya mbao, au udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, simamisha kazi umwite mhandisi. Hapo fundi hana jibu, hata akiwa mzoefu namna gani.

Nailoni yenyewe iwe nzito, mikroni 250, vipande vipandane kwa sentimita 30 na vibandikwe kwa utepe. Pitia palipotobolewa na mabomba, hapo ndipo unyevu unapopanda.

Sasa wavu wa nondo. Chuchumaa, jaribu kupitisha vidole chini yake. Kama vidole havipiti, wavu umelala juu ya nailoni, na ukibaki hivyo hausaidii kitu. Utaambiwa, "Bosi usijali, tutaunyanyua wakati wa kumwaga." Usikubali. Zege likishaanza kushuka kila mtu anakimbizana nalo, wavu unakanyagwa na hakuna anayekumbuka kuunyanyua. Dai biskuti za zege za kuukalisha juu, na ziwe karibukaribu kiasi kwamba mtu akiukanyaga haugusi chini. Kwenye mkanda, yaani boriti ya zege inayopita juu ya kuta za msingi, hesabu nondo kwa kufuata mchoro, pima kwa futi (tepu ya kupimia) nafasi za ringi, vile vyuma vilivyopindwa kuzifunga nondo, na angalia nondo zinapoungana: nyingi zinadai mpandano wa mara 40 ya unene wake, kwa hiyo nondo ya mm 12 ni kama sentimita 48. Mchoro wako ukisema zaidi, fuata mchoro.

Fomu, yaani mbao za kuzuia zege pembeni, zipime kwa kamba mbili, kila moja kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kimshazari. Kamba mbili zikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, kona ziko mraba.

Piga picha kila bomba na kila kona ukiwa umeweka futi pembeni, namba zisomeke. Siku ya kutoboa sakafu utazitafuta.

Haya yote yafanye kesho, siku moja kabla, ukiwa na fundi na mhandisi wako. Kama halmashauri ya kwenu inadai mkaguzi wao aone msingi kwanza, gari la zege lisiitwe kabla hajasaini. Likishafika getini hakuna atakayekusikiliza ukisema bomba lisogezwe. Mvua ikinyesha usiku baada ya ukaguzi, rudi asubuhi: maji yaliyotuama juu ya nailoni yatolewe, na udongo uliolegea pembeni mwa fomu ushindiliwe tena.