Kabla ya Kuimba "Cálice", Yajue Maneno Yake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, msichana anayejifunza gitaa mjini Tanga, akiuliza aanze na nyimbo zipi za Brazili ili hoteli za pwani zimpe kazi. Nilimjibu kwa mistari michache, kisha nikaona kwamba sikumtendea haki, kwa sababu swali hilo nami nililiuliza miaka kumi na miwili iliyopita, na jibu nililojipa liliniumiza.

Wakati huo nilipiga katika hoteli moja ya ufukweni. Bossa nova, mtindo mtulivu wa gitaa na sauti kutoka Brazili, nilikuwa nimejifunza kwa kusikiliza rekodi tu, na miongoni mwa nyimbo zangu nikaweka "Cálice", iliyotungwa na wanamuziki wa Brazili Gilberto Gil na Chico Buarque mwaka 1973. Kwa Kireno changu cha kuokoteza nilielewa kwamba mwimbaji anamwomba Baba amwondolee kikombe, ombi la Yesu kule Gethsemane, nikaamini kuwa ni wimbo wa ibada. Jioni ya Ijumaa Kuu niliwaambia wageni kuwa ni sala, nikauimba kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Mbrazili mmoja wa makamo aliinuka kabla sijamaliza. Baadaye alinifuata kando ya bwawa la kuogelea, akaniambia kwa utulivu kwamba nimekifanya kilio cha watu wake kuwa kitoweo cha chakula cha jioni.

Alinieleza kwamba "cálice", yaani kikombe, hutamkwa sawasawa na "cale-se", yaani nyamaza. Jeshi lilitwaa nchi ile mwaka 1964, na tarehe 13 Desemba 1968 watawala walitoa amri iliyolifunga Bunge na kukaza udhibiti wa magazeti, maigizo na nyimbo. Siku chache baadaye Gil na mwanamuziki mwenzake Caetano Veloso walikamatwa, kisha wakalazimishwa kwenda kuishi uhamishoni London, wasirudi kwao hadi 1972. Gil na Chico walipojaribu kuuimba wimbo huo jukwaani São Paulo mwaka 1973, maikrofoni zilizimwa, na ulikaa chini ya marufuku hadi ulipotoka katika santuri mwaka 1978. Nami nilikuwa nimeupamba kwa mishumaa.

Meneja hakuniita tena, na hata leo nikipita mbele ya lango lile moyo hunichoma. Lakini kazi ingepatikana kwingine. Kinachoniuma hasa ni kwamba kwa miezi minane nilikuwa nikiyatamka maneno ya watu bila kuwauliza walimaanisha nini.

Nilijifunza Kireno kwa miaka miwili, kisha nikaanza upya kwenye samba, muziki wa ngoma uliozaa bossa nova, kwa sababu bossa nova bila samba haina mguu wa kusimamia. Msikilize João Gilberto, mmoja wa waasisi wa bossa nova, katika rekodi zake za 1958 na 1959: kidole gumba kinapiga besi kwa mwendo wa ngoma kubwa ya surdo, huku vidole vingine vikidokoa kama tamborim, ile ngoma ndogo ya mkononi. Mimi nilikuwa nimejua kuweka vidole vya mkono wa kushoto tu. Na samba yenyewe ililelewa Rio de Janeiro katika nyumba za wanawake Weusi waliotoka Bahia, kama Tia Ciata, kizazi kimoja tu baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1888. Waliorithi muziki ule walisumbuliwa na polisi kwa kupiga ngoma zao. Baadaye taifa hilohilo likaifanya samba kuwa alama yake, na Gil aliyefungwa akawa waziri wa utamaduni kuanzia 2003 hadi 2008.

Kuna siku nilisoma kuhusu jongo, ngoma ya wazao wa watumwa wa mashamba ya kahawa kusini-mashariki mwa Brazili, nikakuta kwamba ngoma zao huziita angoma. Niliweka gitaa chini. Wazee wao walichukuliwa Kongo na Angola, na wengine Msumbiji, na neno tunalolitumia kila siku lilivuka bahari pamoja nao. Tangu hapo siwezi kuziimba nyimbo hizi kama mgeni, wala kama mtu asiyewajibika.

Kwa hiyo, dada yangu, jifunze maneno kwanza. Tafsiri kila mstari kwa Kiswahili kwenye daftari kabla ya kuugusa wimbo, na usipouelewa mstari mmoja, usiuimbe wimbo wote. Ujue uliimbwa mwaka gani na nani alikuwa madarakani. Zoeza kidole gumba peke yake kwa majuma kadhaa. Kisha rudi kwenye maneno. Mwezi uliopita niliimba "Cálice" tena, safari hii nikiwa nimewaeleza wasikilizaji yale maneno mawili yanayofanana, na ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia feni. Nilijivuna, na nadhani nilistahili.

Utakapoufikia wimbo huo, niandikie kabla hujauweka katika orodha yako.