Kabla ya kuandika "kiwango", uliza kipimo kinaanzia wapi

Nimekuwa nikitafsiri ripoti na matangazo hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, na neno la Kiingereza lililonitesa kuliko yote ni "level". Wengi wetu tumezoea kuliandikia "kiwango" kila tunapokutana nalo, na mara nyingi tunapotosha.

Mwaka 2020, ziwa lilipofurika hadi maji yakaingia kwenye nyumba za kando, nilipewa taarifa fupi niitafsiri kwa ajili ya wavuvi. Ilisema "level" ya Ziwa Victoria imezidi mita 1,134, nami nikaandika "kina cha maji". Nilipoisoma mwaloni, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliiweka sindano chini, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ziwa hili nimelivua tangu ujana wangu, kina hicho kiko upande gani?" Kweli, mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki hata mita 100. Zile 1,134 ni mwinuko wa uso wa ziwa kutoka usawa wa bahari, wala hazihesabiwi kuanzia sakafu ya ziwa.

Tangu siku ile, kabla ya kutafuta neno huwa najiuliza kwanza kinachopimwa ni nini, na kipimo kinaanzia wapi. Sukari katika damu huongezeka na kupungua, hivyo "kiwango" kinaifaa. Kata, wilaya na mkoa ni ngazi, kwa sababu zimepangwa kwa mamlaka. Ukiandika "mkutano wa kiwango cha wilaya", msomaji atadhani unasifu ubora wake. Aliyemaliza "A-level" kwetu amemaliza kidato cha sita, basi.

Maana niliyochelewa kuijua, na ninayoipenda zaidi, ni ya mafundi ujenzi. Katika vilima vyetu vya mawe kiwanja tambarare ni nadra, kwa hiyo usawa ni jambo la kuhangaikiwa. Fundi huweka pima maji juu ya kozi ya tofali na kutazama kiputo cha hewa kimetulia wapi. Umbali ukiwa mrefu, huchukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, yeye akashika ncha moja na msaidizi wake nyingine, wakasubiri maji yatulie pande zote mbili ndipo wapige alama. Mwongozo ukimwambia fundi huyo "ahakikishe kiwango cha ukuta", hataambulia kitu. Mwambie apime usawa kwa pima maji.

Taarifa ya ziwa niliiandika upya usiku uleule: "Uso wa ziwa umepanda." Ile namba niliiondoa, kisha kesho yake nikarudi mwaloni kumwomba mzee anionyeshe jiwe ambalo wavuvi hulitazama kujua maji yamefika wapi, nikalitaja hilo.