Maswali na Majibu: Kura katika Baraza la Wajumbe

SWALI: Muungano wetu una vikundi 21 vya kujitolea, na kila kikundi hutuma mjumbe mmoja barazani. Kikao kilichopita walihudhuria 11. Hoja ya kupandisha ada ilipata ndiyo 5 na hapana 3. Wajumbe 3 hawakupiga kura. Mwenyekiti ametangaza kuwa imepita. Ni kweli? – Katibu, Tanga

JIBU: Isomeni katiba yenu. Kama akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayofanya kikao kiwe halali, ni nusu ya wajumbe, 11 wanatosha. Ikisema "wengi wa kura zilizopigwa", mnahesabu 8 tu, na hoja imepita. Ikisema "wengi wa waliohudhuria", msingi ni 11 na zinahitajika 6; hoja imeanguka, na walionyamaza ndio walioiangusha. Ikisema "wengi wa wajumbe wote", siku ile wote 11 walipaswa kusema ndiyo. Katiba nyingi huandika "kwa wingi wa kura" na kuishia hapo, ndipo ugomvi unapozaliwa. Rekebisheni kifungu hicho wakati hakuna hoja inayogombewa.

Jambo jingine: hesabuni akidi upya kabla ya kila kura. Asubuhi wapo 11, baada ya chakula wamebaki 9, na uamuzi wa alasiri unapingwa kwa urahisi.

SWALI: Wajumbe wapige kura kwa siri au kwa wazi?

JIBU: Viongozi wachaguliwe kwa siri. Hoja zipigiwe kura wazi, kwa majina, kwa sababu mjumbe ametumwa na kikundi na kikundi kina haki ya kujua alisema nini. Katibu asome hoja neno kwa neno, aite jina moja moja, aandike Ndiyo, Hapana au Sipigi, kisha asome hesabu kabla mwenyekiti hajatangaza. Muhtasari wenye majina hayo uvifikie vikundi vyote 21 ndani ya siku 7. Ule utaratibu wa "walioafiki wameshinda" kwa kusikiliza sauti unampa raha mwenyekiti, lakini kesho yake hakuna wa kuulizwa. Na hoja ya fedha isipenyezwe kwenye "mengineyo". Iwe kwenye ajenda iliyotumwa mapema.

SWALI: Tuwafanye nini wajumbe watoro?

JIBU: Tazameni Gentoo, jumuiya ya watu wa kujitolea wanaotengeneza mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux. Baraza lao lina wajumbe 7 wanaochaguliwa kila mwaka, na kikao hufanyika angalau mara moja kwa mwezi. Asiyefika vikao viwili mfululizo, wala kutuma mbadala, huwekewa alama ya utoro; akikosa kingine tena, kiti kinapotea na uchaguzi unafanyika. Mahudhurio yakishuka chini ya nusu katika kikao chochote, viti vyote vinarudi kwa wapiga kura ndani ya mwezi mmoja. Kifungu hiki cha mwisho ni kikali, lakini kina akili: waliohudhuria nao wanapata sababu ya kuwafuatilia wenzao.

Kuhusu mbadala, kwao mjumbe wa baraza hawezi kumwakilisha mjumbe mwenzake, na mtu mmoja hasimami kwa niaba ya wawili katika kikao kimoja. Nyinyi ongezeni barua ya kikundi, yenye saini za mwenyekiti na katibu wake, ipokelewe kabla kikao hakijafunguliwa. Mbadala anayetokea kura ikikaribia, mara nyingi ameitwa na mtu anayehitaji kura moja.