Wembe wa kukunja: jiwe gani, mkanda gani?

Swali: Mafundi, shikamooni. Marehemu babu aliniachia wembe wa kukunja wenye chapa ya Solingen, ule mji wa Ujerumani unaosifika kwa nyembe. Hauna kutu wala pengo, ila unavuta ndevu badala ya kuzikata. Je, jiwe la pande mbili la kunolea mapanga linafaa? Au ni lazima ninunue seti nzima ya mawe?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba. Hilo jiwe la mapanga liache huko huko dukani. Chembe zake ni kubwa, zitayaachia makali meno meno na kuula mgongo wa wembe. Na mgongo ndio unaoshika pembe ya kunolea, kwa sababu wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Mgongo ukishaliwa umeliwa, haurudi.

Seti nzima pia huihitaji kwa sasa. Nunua mkanda wa ngozi wa kulainishia makali kwanza, halafu jiwe la kumalizia la namba 8000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi). Jiwe la kuanzia, namba 1000, subiri mpaka wembe wenyewe ulidai. Utajuaje? Ushike chini ya taa makali yakitazama juu. Makali yaliyokutana sawasawa hayarudishi mwanga. Ukiona uzi unaometa, au hata kidoa kimoja kinachong'aa, hapo pamelala na namba 8000 haitapainua.

Ukilazimika kuanzia 1000, paka wino wa kalamu nene (maka peni) kwenye makali pande zote mbili, upitishe wembe mara mbili tatu, kisha utazame. Wino ukibaki ukingoni kabisa, jiwe bado halijayafikia makali. Endelea mpaka wembe unyoe vinyweleo vya mkono kila sehemu, kuanzia upande wa mpini hadi nchani. Hapa usiwe na haraka. Kazi iliyoachwa nusu kwenye 1000 haimaliziwi na jiwe lolote la juu; 8000 itang'arisha tu ubutu uliopo. Baada ya hapo pita 4000 au 5000, kisha 8000. Jiwe la Norton la 4000/8000 lina hatua hizo mbili pamoja, ila lilowekwe majini kwanza mpaka liache kutoa mapovu. Namba 12000 huongeza ulaini usoni, lakini ndevu zitakatika hata bila hiyo.

Wengine watakusifia koticule, jiwe la asili la Ardennes, Ubelgiji, lenye chembe za garneti, madini magumu. Sifa zake ni za kweli: likiwa na tope la unga wake lenyewe hukata, likiwa na maji matupu humalizia. Lakini linataka mkono uliokwisha zoea, kwa hiyo lisiwe jiwe lako la kwanza.

Kwenye jiwe makali hutangulia, na usikandamize. Wembe ni mwembamba. Ukiukandamiza ukingo unapinda, na pembe uliyokuwa unaitafuta inapotea. Jiwe nalo liwe tambarare, hata kama ni jipya. Lichore mistari ya penseli, ulisugue juu ya msasa wa maji namba 400 uliotandazwa kwenye kioo. Mistari ikibaki katikati, pana bonde. Endelea mpaka yote ifutike.

Swali: Nina mkanda mzuri wa ngozi, lakini kila nikiupitisha wembe unazidi kuwa butu. Nipake dawa ya kijani?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Usipake kitu kwanza. Tazama mkono wako unapofika mwisho wa mkanda. Kwenye mkanda mgongo ndio unaotangulia, na wembe hugeuzwa kwa kubingirishwa juu ya mgongo, makali yakiinuka hewani. Ukigeuzia kwenye makali, unayakunja kila unaporudi, na ngozi inachanika. Kosa la pili ni mkanda uliolegea: ngozi ikibonyea huyakumbatia makali na kuyaviringa. Uvute ukaze, wembe ulale kwa uzito wake tu.

Kabla ya kunyoa, pita mara 20 au 30 kwenye kitambaa cha pamba au kitani, kisha mara 50 kwenye ngozi. Upana wa sentimita 7 unafaa, kwani wembe mzima unakaa juu yake. Anayejifunza anunue mkanda wa bei nafuu, maana ataukata tu.

Dawa ya kijani ni oksidi ya kromiamu, unga laini sana wa kunolea. Ipake kwenye kipande kingine cha ngozi, kidogo sana, na upitishe wembe mara 10 makali yanapoanza kuchoka. Mkanda wa kila siku ubaki safi.

Swali: Naweza kuwanyoa wateja kwa wembe wa kukunja nikiunoa vizuri kila baada ya mtu?
*Kinyozi, Mombasa*

Jibu: Hapana. Kunoa hakuui virusi vya homa ya ini wala vya UKIMWI, na damu kidogo ikiingia kwenye ngozi ya mkanda huwezi kuitoa. Kwa wateja tumia mpini wa kubadilisha nyembe, kila mtu na wembe wake mpya. Wa kukunja uwe wako peke yako nyumbani. Na kwa kuwa uko pwani, ukaushe kila ukimaliza, uupake mafuta ya cherehani kidogo na usiuweke bafuni. Chuma chake hushika kutu upesi.